Funga daftari kwanza: niliyowaambia walimu, wazazi na wanafunzi wa fomu foo

Kuna watu kadhaa wameniomba niyaandike niliyoongea siku ile ya wazazi, basi nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi wetu shikamooni, na nyie vijana habari za saa hizi. Nimeitwa niongelee namna ya kusoma, na sitawaambia msome kwa bidii maana hilo mmeambiwa tangu darasa la kwanza na wengi wenu bidii mnayo kabisa, naiona kwenye macho mekundu kipindi cha kwanza asubuhi. Shida ninayoiona mimi sio bidii. Shida ni kwamba bidii yote inaelekea sehemu moja, kusoma notisi, kurudia notisi, kupiga mistari chini ya notisi, na hiyo njia watafiti wameipima miaka mingi na mara nyingi, muda ukipita, inatoka ya chini.

Nianze na utafiti mmoja unaotuhusu sisi kwa namna ya pekee. Mwaka 2008 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichukua wanafunzi wa chuo wakawapa kazi ya kujifunza maneno 40 ya Kiswahili. Ndio, Kiswahili hiki hiki tunachoongea hapa. Kwa wale vijana ilikuwa lugha ngeni kabisa, hivo hakuna aliyekuja na mtaji kutoka nyumbani. Unaoneshwa neno, kwa mfano mashua, pamoja na maana yake ya Kiingereza, unalisoma, yakiisha yote 40 unaulizwa moja moja bila kuoneshwa maana, afu mnarudia tena mzunguko mwingine wa kusoma na kuulizwa, hivo hivo mara kadhaa.

Sasa sikilizeni walivyowagawa. Kundi la kwanza walisoma maneno yote na kuulizwa yote kila mzunguko. Kundi la pili, neno ukishalipatia mara moja linaondolewa kwenye kusoma lakini kuulizwa unaendelea kuulizwa. Kundi la tatu ni kinyume chake, ukishalipatia hauulizwi tena, ila unaendelea kulisoma kila mzunguko. Na la nne, ukishalipatia limekwisha, husomi wala huulizwi, ndo kama tunavyofanya wengi wetu tukisema hii topiki naijua twende nyingine.

Mwisho wa siku ile makundi yote manne yalikuwa sawa, kila mmoja alikuwa ameyapatia maneno yote. Wakaulizwa wanadhani watakumbuka mangapi baada ya wiki, makundi yote yakasema karibu nusu. Wiki ikapita wakarudi. Waliokuwa wameendelea kuulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Walioacha kuulizwa walikumbuka asilimia 36 na 33. Na hapa ndo pa kutulia kidogo, kwa sababu kundi la tatu liliendelea kusoma yale maneno tena na tena, na kusoma kote huko hakukuwaongezea kitu cha maana, wakaishia karibu sawa na walioacha vyote. Na lile kundi la pili lililopunguziwa kusoma halikupoteza chochote. Kilicholeta tofauti ni kitu kimoja, kulazimika kulitoa neno kichwani bila kutazama.

Mimi kila nikiusoma utafiti huu namfikiria mwanafunzi wetu anayekaa na daftari la baiolojia limefunguliwa mbele yake masaa matatu. Yule yuko kundi la tatu.

Mtu ataniuliza, sasa mbona mtu akirudia notisi anajiona ameelewa? Anajiona kweli, hadanganyi. Hao hao Roediger na Karpicke mwaka 2006 walikuwa wamewapa wanafunzi habari fupi za kusoma, za mambo ya sayansi. Wengine walisoma mara nne. Wengine walisoma mara moja tu, afu mara tatu wakapewa karatasi tupu waandike wanachokumbuka. Dakika tano baadaye, waliosoma mara nne walishinda, asilimia 83 kwa 71. Mngeishia hapo mngesema kurudia kusoma ndo mpango mzima. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40 na waliojiuliza walikuwa na 61. Umeona mtego ulipo? Kurudia notisi kunakulipa usiku ule ule, kunakupa raha ya kuona kila sentensi unaifahamu, macho yanateleza tu, na ule wepesi ndo unauita kuelewa. Kujiuliza kunakuumiza usiku ule ule, unakwama, unaona aibu mwenyewe chumbani, unasema mimi kilaza. Malipo yake yanakuja baadaye, na mtihani wa taifa ni Novemba, sio leo usiku.

Ndo maana watu hawaipendi. Wanafunzi 177 wa chuo Marekani waliulizwa wanasomaje, matokeo yakatoka mwaka 2009, asilimia 84 walisema wanarudia kusoma notisi au kitabu, na waliotaja kujipima kwa kukumbuka walikuwa asilimia 11. Kwahiyo sio tatizo la shule ya kata wala la Tanzania, wanadamu wote tunavutwa na kilicho chepesi.

Sasa kuna mwalimu hapa mbele naona anataka kuniambia huko ni kukariri, na sisi tunapigana na kukariri. Mwalimu nakuelewa, na mimi sipendi mtoto anayetema maelezo kama redio bila kujua anasema nini. Ila kutoa kichwani na kukariri bila kuelewa ni vitu viwili. Karpicke na mwenzake Janell Blunt, mwaka 2011, walilinganisha wanafunzi waliosoma somo la sayansi afu wakafunga na kuandika wanachokumbuka, na wengine waliochora ile michoro ya kuunganisha mawazo huku kitabu kiko wazi mbele yao. Ile michoro inaonekana ya kisomi sana, sisi walimu tunaipenda. Lakini baada ya wiki waliokuwa wakitoa kichwani walifanya vizuri zaidi, na sio kwenye maswali ya taja tu, hata kwenye maswali ya kuunganisha hoja ambayo jibu lake halikuandikwa popote kwenye kitabu. Ukikitoa kitu kichwani unalazimika kukipanga upya, kipi kinaanza, kipi kinasababisha kipi, na kupanga huko ndo kuelewa kunakojengeka.

Na sio kigeni kwetu. Vijana mliopita madrasa mnajua, mwalimu anakusikiliza wewe ukiwa umeufunga msahafu, ukikwama anakupa neno moja unaendelea, na sura za nyuma hazisahauliwi, kila siku kuna sehemu ya kurudia. Na nyumbani tulipokuwa tunategana vitendawili, mtu anasema kitendawili, mnaitikia tega, anatega, mnahangaika mnabahatisha majibu ya ajabu ajabu, mkishindwa kabisa mnampa mji ndipo anawapa jibu. Hakuna bibi aliyekuwa anaanza na jibu! Mwaka 2009 Lindsey Richland na wenzake walipima kitu cha namna hiyo, wanafunzi wakaulizwa maswali ya habari ambayo bado hawajaisoma, wakakosea mengi sana, ndipo wakapewa waisome. Wakaja kukumbuka vizuri kuliko waliopewa muda mrefu zaidi wa kusoma bila kuulizwa kwanza. Walimu, hiyo ni zawadi. Kabla hujafundisha osmosisi uliza kwanini mchicha uliolala unasimama ukiumwagilia maji, wape dakika mbili waandike wanachodhani, wakosee, afu ndo ushike chaki.

Hapa kwenye kukosea naomba mnivumilie nikae kidogo maana ndo panaponiuma. Haya yote hayawezi kufanya kazi kwenye darasa ambalo mtoto akikosea anachapwa au anachekwa. Haiwezekani. Ukimwambia mtoto atoe kilichomo kichwani halafu kilichotoka ukakipigia fimbo, kesho hatatoa, atanyamaza, atasubiri wa mbele wajibu, ataandika utakachoandika ubaoni na ataondoka bila kichwa chake kufanya kazi hata dakika moja. Na la kusikitisha zaidi, kosa ni nafasi nzuri sana ya kujifunza. Brady Butterfield na Janet Metcalfe mwaka 2001 walionesha kwamba majibu ambayo mtu ameyakosea akiwa na uhakika mkubwa kwamba yuko sahihi, akisahihishwa, ndo anayarekebisha vizuri kuliko yale aliyokosea kwa kubahatisha tu. Yaani yule kijana anayenyoosha mkono kwa nguvu anasema mimea haipumui, kwa sauti, akiamini kabisa, huyo ndo wa kumsahihisha kwa upole na kwa maelezo, kwa sababu ule mshangao wake utabaki naye. Tukimwaibisha tumeitupa nafasi hiyo. Naomba hili walimu wenzangu, naomba kabisa.

Ila kusahihisha lazima kuwepo. Kujiuliza bila kuangalia jibu ni hatari, unaweza kujifundisha uongo. Funga, andika, fungua, linganisha, weka alama pale ulipokosa.

Najua swali linalofuata, darasa lina wanafunzi 80 au zaidi, nani atasahihisha? Hakuna wa kusahihisha, na hakuna haja. Maswali manne ya mwanzo wa kipindi yanaandikwa nyuma ya daftari, hayana maksi, hayaendi kwenye ripoti, mzazi hayaoni. Mwalimu anataja majibu, kila mtu anajisahihisha mwenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine, dakika nane mmemaliza. Mawili yawe ya jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Yakiwa na maksi tu mmeyaharibu, watoto wataanza kutazamiana na nyie mtaanza kulinda mtihani badala ya kufundisha.

Hilo la wiki iliyopita na mwezi uliopita sijaliweka kwa bahati. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha kazi aliyojifanyia mwenyewe, anajifunza silabi zisizo na maana halafu anapima akizirudia baadaye anaokoa juhudi kiasi gani. Baada ya saa moja tu alikuwa anaokoa chini ya nusu, baada ya siku kama theluthi, baada ya mwezi kama sehemu moja ya tano. Vitu vyenye maana havipotei kwa kasi ile, lakini umbo ni lile lile, kinapotea kwa haraka mwanzoni halafu polepole. Kwahiyo marudio yatawanywe. Na umbali wa marudio unategemea unataka kukumbuka mpaka lini. Nicholas Cepeda na wenzake, 2008, wakiwa na watu zaidi ya 1,300, waliona kwamba kitu unachokihitaji wiki moja mbele ni vizuri ukirudie kesho yake, cha mwezi mmoja mbele kirudie baada ya siku kama 11, na cha mwaka mzima baada ya wiki tatu hivi. Sasa hesabu mwenyewe, topiki mliyomaliza leo na mtihani ni Novemba, wiki mbili tatu ikirudi mezani haiko mbali na ukweli.

Kuna habari ya watu wa posta Uingereza huwa naipenda. Walikuwa wanafundishwa kupiga chapa kwenye mashine, wengine saa moja kwa siku, wengine saa nne kwa siku. Alan Baddeley na Longman walieleza mwaka 1978 kwamba wa saa moja kwa siku walihitaji jumla ya masaa machache kufikia kiwango kile kile. Lakini wao ndo hawakuridhika, waliona wenzao wanawaacha! Kwahiyo ukiona ratiba yangu inakufanya ujisikie uko nyuma ya anayekesha, usiiache kwa sababu ya hisia hiyo.

Nije kwenye hesabu, maana matokeo ya hesabu tunayajua sote. Zoezi la hesabu kwenye vitabu vyetu liko hivi, umefundishwa kanuni, yanafuata maswali 20 ya kanuni hiyo hiyo. Baada ya swali la tatu hufikirii tena, unaingiza namba tu. Doug Rohrer na Kelli Taylor mwaka 2007 waliwapa wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida, kundi moja walifanya umbo moja mpaka liishe ndipo lingine, wenzao walichanganyiwa. Wakati wa mazoezi waliopangiwa walipata asilimia 89, waliochanganyiwa 60. Mwalimu yeyote angesema njia ya kwanza ni bora. Wiki moja baadaye kwenye mtihani waliopangiwa wakapata asilimia 20, waliochanganyiwa 63. Sababu sio ya kutafuta mbali, kwenye mtihani hakuna anayekuambia swali hili ni la kanuni ipi, kuichagua ndo kazi yenyewe, na kundi la kwanza hawakuwahi kuifanya. Ndo maana pepa za miaka ya nyuma zinasaidia, zimechanganywa tayari. Ila zifanyeni, sio kuzisoma pamoja na majibu yake kama gazeti, nimewaona mnavyofanya.

Kwa mwanafunzi anayeanza topiki ngeni kabisa mimi ningetuliza kidogo, asirushwe kwenye maswali magumu siku ya kwanza. Nafasi ya akili ya kushikilia vitu vipya kwa wakati mmoja ni ndogo, Nelson Cowan mwaka 2001 alikadiria vitu vinne hivi. John Sweller na Graham Cooper walionesha tangu 1985 kwamba anayeanza aljebra anajifunza haraka akipewa mifano iliyokwisha kufanywa hatua kwa hatua aichunguze, kuliko kurundikiwa maswali matupu. Na kwetu kuna mzigo mwingine juu ya huo. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anaingia fomu wani anakuta kila kitu Kiingereza, sasa nusu ya ile nafasi ndogo inaliwa na lugha kabla hata fizikia haijaingia. Mimi nasema wazi, mtoto akifunga daftari aruhusiwe kujieleza kwa Kiswahili kwanza, mpaka wazo lisimame, ndipo alivalishe Kiingereza kwa sababu mtihani wake ni wa Kiingereza. Hizo ni kazi mbili, zifanywe mbili.

Yale mambo ya huyu anajifunza kwa macho, huyu kwa masikio, msipoteze nayo muda, yalipochunguzwa vizuri ushahidi haukupatikana. Na kukesha jamani acheni. Tangu 1924, Jenkins na Dallenbach pale chuo cha Cornell waliona mtu akilala baada ya kujifunza anasahau kidogo kuliko akibaki macho masaa yale yale. Anayekesha anaiondoa sehemu ya kazi ambayo kichwa kingemfanyia akiwa amelala, bure.

Wazazi, nimewaweka mwisho na sio kwa kuwadharau. Kuna mama mmoja kaniambia pale nje kwamba yeye kaishia darasa la saba, atamsaidiaje mwanae kemia. Mama yangu, hauhitaji kuijua kemia. Chukua daftari lake ushike wewe, mwambie nieleze mlichosoma leo kana kwamba mimi sijui kitu, na kweli hujui, hapo ndo una faida kuliko mwalimu. Akisita muache asite, usimkimbize, kule kusita ndo anatafuta. Akisema neno gumu muulize maana yake kwa lugha ya nyumbani. Akikwama kabisa mpe daftari atazame, afu alirudishe mkononi kwako aeleze tena. Dakika kumi huku chakula kinaiva zinatosha. Na wewe baba ambaye simu yako ndo anayotumia kuangalia video za masomo, video ikiisha ichukue simu, mpe karatasi tupu.

Vijana, prepo ya leo naomba ianze na karatasi hiyo tupu, kila mtu aandike topiki moja ya fomu thrii, asiifungue kwanza. Viranja wa taaluma mkusanye mlipokwama wengi, mwalimu wa somo apewe hiyo orodha Jumatatu asubuhi. Nimemaliza, ila siondoki, nipo hapa mpaka jioni, mwenye swali aje nalo, na walimu wa hesabu naombeni tukae dakika chache tuchanganye yale maswali ya zoezi la wiki ijayo.